Mstari Uliopinda Shambani kwa Mumbua

Huku Matinyani, ukimwita Kiilu fundi wa plau utakuwa hujamaliza sifa. Mistari yake hunyooka kutoka mpaka hadi mpaka. Yeye mwenyewe analijua hilo, na kama wewe hulijui atakueleza. Ana maksai wawili, kofia moja ya kazi na moja ya kanisani, na majivuno ya kumtosha yeye na majirani zake. Tunamcheka, lakini mvua ikinukia sote tunampigia simu.

Mwaka huu zamu ya mama Mumbua iliangukia asubuhi baada ya mvua ya kwanza. Shamba lake liko kando ya mto, na samadi alikuwa ameshaimwaga mafungumafungu tangu kiangazi. Kiilu alipofika katikati, maksai wakasimama. Mbele yao, ubavuni mwa fungu la samadi, chekeamwezi alikuwa ametanua mabawa, macho yake ya manjano yakiwakaripia ng'ombe wawili wazima. Nyuma yake palikuwa na mayai mawili yenye rangi ya udongo, juu ya ardhi tupu.

Ndege huyu wa miguu mirefu hajisumbui kujenga kiota. Usiku huzurura ukingoni mwa maji akiokota wadudu, na kelele zake tunazijua sote. Mchana hujilaza chini, humwoni mpaka umkaribie kumkanyaga.

Kiilu akapiga mluzi, akapiga makofi. Ndege hakubanduka. Mumbua, aliyekuwa akifuata nyuma akidondosha ndengu, akamwambia azunguke. Kiilu akaeleza, kwa upole wa mtu aliyekasirika, kwamba mstari mmoja ukipinda yote inayofuata hupinda, na shamba hili huonwa na kila aendaye sokoni. Afadhali mayai yasogezwe. Mumbua akasema yakisogezwa huenda mama yao asiyarudie.

"Shamba ni yako, mwaitu," akasema Kiilu, akimwita mama kwa Kikamba, "lakini jina ni yangu."

Mimi nilikuwa mpakani nikingoja zamu yangu, na moyoni nilikuwa nimeshamzika yule ndege na mayai yake. Kiilu akasimama akimtazama yule mama wa mayai aliyekataa kukimbia. Akawatukana maksai wasio na kosa, akainua plau, akazunguka. Mistari yote iliyofuata ikaota kitambi.

Ndengu zilipochipua, kitambi kile kikaonekana vizuri kutoka barabarani. Siku ya soko tulisimama hapo na Kiilu, na mgeni mmoja aliyekuwa akitafuta mtu wa kumlimia akauliza kwa sauti kubwa ni mlevi gani aliyelima pale. Sote tukamtazama Kiilu. Nilidhani atawasingizia maksai, na nisingemlaumu, maana kazi ya msimu ilikuwa imesimama mbele yake.

"Ni mimi," akasema Kiilu. "Kuna mama amelala hapo. Na wewe punguza sauti."