Flashi ya Mama

Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kompyuta katika ofisi yetu pale Kilimani, na jamani, nilikuwa na maringo. Ofisi yenyewe ndogo tu, ya kupangisha nyumba, lakini virusi vilivyoingia kwenye zile mashine vingetosha Nairobi nzima. Kila mtu alikuwa na flashi yake mfukoni, kile kidude cha kubebea kazi. Jioni anakichomeka kwenye kompyuta za saiba ya mtaani, asubuhi anakichomeka kwangu. Siku faili za wapangaji zilipoharibika zote, mkubwa alinifokea mimi, si wao.

Jumatatu, baada ya maombi ya asubuhi, nilisimama mbele ya wenzangu nikiwa nimewaka. "Simu zenu msiziunganishe na mashine zangu. Na flashi za nyumbani ni marufuku hapa kazini. Nitakayemshika atajieleza kwa mkubwa. Tumesikizana?" Wakasema ndiyo. Hakuna aliyeuliza swali, na ule ukimya niliufurahia sana.

Mapokezi alikaa mama mmoja wa makamo tuliyemwita Mathe. Aliishi mtaa wa Satellite na mama yake mzee mwenye presha, aliyeangaliwa mchana na msichana wa kazi. Mkubwa akitoka, Mathe alikuwa akichapa kumbukumbu za mikutano ya akina mama wa kanisa lake kwenye mashine ya ofisi. Nilijua, nikanyamaza, maana alikuwa akiniletea mandazi.

Siku ile ile alikuja mezani kwangu, akasimama kama mtu anayeomba kazi.

"Kijana wangu, nikubalie flashi moja tu ya nyumbani. Ni ya mama."

Nikawaza, haya, akina mama wa kanisa tena. "Ai, Mathe, hata wewe? Nikikukubalia, hawa wengine nitawaambia nini?"

"Ni ya mama tu. Si ya mchezo."

"Hata ya mama, hapana."

"Sawa, baba," akasema, akarudi mapokezi. Nilijiona mtu wa haki, asiyependelea.

Wiki hiyo haijaisha, Mathe akakosa kuja kazini. Tukasikia mama yake amelazwa, tukaenda kumwona na matunda. Mama mzee alikuwa amelala, mdomo umeenda upande, sauti imekwisha. Kiharusi. Daktari alikuwa amesema wangemleta mapema, pengine mambo yangekuwa mengine.

"Alianguka asubuhi, baada ya chai," Mathe alitueleza. "Huyu msichana wangu huwa hana kredo ya kupiga simu. Mama akizidiwa, ananiflashi, simu inalia kidogo anakata, nami nampigia au nakimbia nyumbani. Lakini nilikuwa nimemkataza. Nilimwambia asithubutu kuniflashi nikiwa kazini, nitafutwa. Basi akaita jirani, wakamlaza kitandani, akaningoja hadi jioni. Simu alikuwa nayo mkononi kutwa."

Wenzangu wakampa pole. Flashi! Mimi mwenyewe niliflashi watu kila siku ya Mungu, marafiki, ndugu, wasichana, hata mkubwa nikiishiwa. Neno hilo lilikuwa mdomoni mwangu tangu asubuhi hadi usiku, na bado nilisimama mbele ya watu nikataja simu, nikataja flashi za nyumbani, na wazo halikunijia hata kidogo kwamba mtu angesikia kitu kingine. Niliona aibu hadi nikashindwa kula lile chungwa nililopewa.

Wenzangu walipotoka nilimvuta Mathe kwenye korido. Ningeweza kunyamaza, kwa sababu yeye hakuwa ananilaumu. Aliamini sheria ni sheria. Nilitoa funguo zangu. Flashi yangu ilikuwa imening'inia hapo hapo, ya nyumbani, kwa maana ile marufuku niliiweka kwa ajili ya wengine.

"Mathe, hii ndiyo nilikuwa nakataza. Hii. Si simu ya kutoka nyumbani. Nilidhani unataka kuleta kazi za kanisa. Nisamehe."

Aliichukua, akaigeuza, akaifungua kifuniko na kukifunga tena.

"Kumbe ni haka tu?"

"Ni haka tu."

Alinirudishia funguo. Hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika. Aliniangalia tu, kama mtu ambaye kweli anataka kuelewa.

"Lakini, kijana wangu, nilikwambia ni ya mama. Mbona hukuuliza mama ana nini?"