Asiyenyoa Atoke

Msusi huyu wateja wanamwita Mama Kwanini, na wengi hawajui jina hilo lilikotoka. Lilitokana na wembe. Alilelewa na shangazi yake, na kila nywele zake zilipoanza kushikika, shangazi alimkalisha kwenye kigoda, akampaka povu la sabuni kichwani, akazinyoa zote. Katika kanisa lao mwanamke hakusuka.

"Kwa nini, shangazi?"

"Tulia nisikukate."

"Lakini kwa nini?"

"Imeandikwa."

"Wapi?"

Hapo alipata kofi jepesi la kisogoni, na povu likamwingia machoni.

Alipokua alijifunza kusuka, akafungua saluni ya viti viwili na kioo kirefu. Shangazi alilichukulia jambo hilo kama tusi. Waliuguzana na kufaana misibani kama ndugu, lakini shangazi saluni hakuikanyaga. Akiwa na ujumbe alisimama nje, akaongea na kitasa.

Basi mchana mmoja akaingia kiongozi wa kwaya wa kanisa lile lile, mama mnene mwenye sauti nzito, huku akigeuka nyuma kama mtu aliyeiba kuku.

"Nisuke," alisema. "Mistari midogo midogo, ya kwenda nyuma."

"Dada, umehama kanisa?"

"Sijahama. Mchungaji mpya amesema Mungu anatazama moyo. Wazee wamekaa, wamekubali. Kuanzia sasa ruksa."

Mama Kwanini alishika kitana, lakini akili haikutulia. Amri iliyomnyoa utoto wake wote imefutwa kwa kikao kimoja! "Sasa iliwekwa na nani?" aliuliza.

"Nitajulia wapi mimi?" alisema kiongozi wa kwaya. "Kamuulize Bibi Kofia. Katika wale wanawake walioanzisha kanisa, amebaki yeye na wifi yake tu. Aii, usivute hapo!"

Jumapili jioni akaenda. Aliwakuta vikongwe wawili kwenye kochi moja, sinia la maharage katikati yao, wanachambua. Bibi Kofia, aliyeitwa hivyo kwa kofia ya sufu asiyoivua hata wakati wa jua kali, alilisikia swali akacheka.

"Tuliiweka sisi wenyewe, wanawake. Wanaume hawakuwepo hata mmoja."

Akasimulia. Siku hizo mke wa mwenye shamba alikuja ibadani na kichwa kimesukwa kwa shanga, kazi ya siku nzima. Wanawake waliolima shamba lake walikaa nyuma, wamejifunika kwa aibu. Baadhi wakaacha kuja kabisa. "Tukakubaliana tunyoe wote. Ukitutazama kwa nyuma, hujui nani ana mali nani hana. Hata yeye alinyoa. Alilia, lakini alinyoa."

"Mwongo!" wifi yake alidakia. "Ilikuwa ni chawa."

"Chawa gani?"

"Chawa, chawa! Tulilala chumba kimoja kwenye ule mkutano wa mvua, tukatoka wote tunajikuna. Hayo ya shanga umeyaongeza wewe."

"Wewe ulikuwa na mtoto mchanga, hukutoka hata chumbani!"

"Kwani nilikuwa nanyonyesha kwa masikio?"

Mama Kwanini akawatazama kwa zamu, hajui amwamini nani. Lakini jambo moja vikongwe hao hawakulibishania. Miaka ilipopita, wazee wa kanisa waliyachukua makubaliano ya wanawake wakayafanya sheria, ikawa inasomwa kila mwaka.

"Sisi tulisema tunyoe," alisema Bibi Kofia. "Wao wakasema asiyenyoa atoke. Hilo hatukulisema."

Wifi yake alitikisa kichwa kukubali, akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

Kutoka hapo Mama Kwanini alipitia kwa shangazi yake, akamkuta anakunja nguo. Alimweleza yote, ya shanga na ya chawa. Shangazi alisikiliza, akacheka mpaka akakalia nguo alizokwisha kukunja. Kisha akafuta machozi ya kicheko.

"Baba alinifungia ndani siku ya harusi ya dada yangu," alisema. "Nilikuwa nimesuka mistari mitatu tu. Kwa hiyo si Mungu aliyesema?"

"Sijui, shangazi. Wao wanasema ni wanawake."

Shangazi akakung'uta kanga moja. "Afadhali wanawake," alisema hatimaye, akarudi kwenye nguo zake. Kunyoa hakuacha. Alisema kichwa kimeshazoea upepo.

Ikakaribia sikukuu ya kanisa. Kiongozi wa kwaya akatangaza waimbaji wote wasuke rasta za kuunga, za aina moja, na bei yake haikuwa ndogo. Siku chache baadaye binti mmoja mfua nguo, mwenye sauti nzuri kuliko wote, akaacha mazoezi. Alituma salamu kwamba koo linamuuma. Kiongozi alipokuja kusukwa, Mama Kwanini alimsimulia habari ya mke wa mwenye shamba.

"Unataka kusema ndiyo mimi huyo?"

"Sisemi kitu, dada. Nauliza tu."

"Wewe na kuuliza kwako!"

Alinuna mpaka msuko ukaisha. Ila kwenye mazoezi yaliyofuata aliifuta amri: kila mmoja aje na kichwa chake. Koo la yule binti likapona siku hiyo hiyo.

Siku ya sikukuu kwaya ilisimama, huyu kasuka, huyu kanyoa, yule kajifunga kilemba. Kuna waliolalamika kwamba walionekana kama abiria waliokutana stendi. Na asubuhi hiyo mkono wa gauni la kiongozi ulikuwa umefumuka, akauficha kwa kufunga kitambaa cha kijani. Wenzake, wasimwache peke yake, nao wakafunga.

Miezi ikapita. Jumapili moja Mama Kwanini alimkuta mwimbaji mgeni nje ya mlango wa kanisa, ananyoosha shingo kusikiliza wimbo. Alikuwa amerudishwa kwa kukosa kitambaa cha kijani.

"Wamekuambia ni cha nini?"

"Wamesema kinamaanisha uzima wa milele, mama."

Mama Kwanini alimshika mkono, wakaingia wote wawili kumtafuta kiongozi wa kwaya.