Uji Uliopoa wa Asma

Ufizi wa Faida ulikuwa umerudi nyuma hadi mzizi wa jino la mbele ukaonekana. Daktari alichuna kipande cha nyama kwenye kaakaa lake, akakishona kwenye ufizi. "Kikishika, jino litabaki," alisema. Akamkataza chakula cha moto, akamkataza pia kuvuta mdomo ili atazame mshono.

Kidonda kilikuwa bado kibichi mlima ulipotapika moto na watu wakaamriwa kuhama mji wa Goma. Wakafika mji mdogo wa Sake, chumba kimoja Faida na mke mwenza wake, Asma. Aruna, mume wao, alikuwa amemwoa Asma mwaka ule waasi walipoingia Goma, Faida akiwa kambini Mugunga na watoto. Faida aliporudi alikuta pazia geni mlangoni. Tangu hapo hakula kilichopikwa na mkono wa Asma.

Asma akaleta uji.

"Umepoa," Faida alisema. Uji uliopoa hupewa mgeni asiyetakiwa.

"Docta alikataza moto, Yaya," Asma alisema, akimwita kama dada mkubwa. "Nilisikia."

"Ulifuata nini kule kwa docta?"

"Nilikushika mukono wakati ulifumba macho."

"Onja kwanza."

Asma akamimina kidogo kiganjani, akaramba. "Nikikufa, Aruna atabaki wako peke yako."

"Nimufanyie nini?"

Asma alipotoka, Faida aliwamwagia kuku uji, akaomba chai kwa jirani. Ilikuwa ya moto. Kaakaa likawaka, na mara akasikia ladha ya damu.

Asma alirudi akaona kitenge kimelowa damu. Alikunja kitambaa safi, akakichovya katika maji yaliyochemshwa yakapoa. "Bana hapa juu. Usiguse mushono, na usiteme mate."

Faida alikinusa kitambaa kwanza, ndipo akabana. Damu ikakata. Kuanzia hapo alikunywa uji ule kwa kijiko, lakini kila mara Asma alionja mbele yake. Wala ulimi hakuupeleka kwenye uzi, ingawa uliwasha.

Waliporudi Goma, daktari alitoa nyuzi. Nyama ilikuwa imeshika.

"Nani alikutunza?"

"Mutu mumoja wa pale nyumbani."

Jioni Asma alileta kikombe, akakiinamisha kumimina kiganjani.

"Acha," Faida alisema. "Unanimalizia uji."

Akanywa wote. Kisha akaweka mkono tumboni, akamkazia Asma macho, akasikiliza kama litauma.