Tundu Nyuma ya Gunia

Fundi cherehani aligundua kuwa ana panya siku alipokunjua gauni la mteja akakuta pindo limetafunwa. Alikuwa na miaka hamsini na ushee. Mkewe alishaondoka zamani, bila ugomvi wa maana, na tangu hapo chumbani mwake mlisikika cherehani tu.

Alitega mtego, panya wakala chambo wakaenda zao. Akaziba chini ya mlango kwa matambara, wakayatafuna. Mwishowe akasogeza gunia la vipande vya nguo, akakuta tundu la kupitisha ngumi, limetokeza chumba cha pili.

Huko aliishi muuguzi mstaafu, ambaye watu bado walimwita Sista. Kwa miaka minane walikuwa wakisalimiana tu na kupitana. Fundi akajikaza, akabisha hodi.

“Samahani, Sista. Panya wako wanahamia kwangu.”

“Wangu? Mbona mimi nilijua ni wako! Wamenimalizia sabuni.”

Wakacheka, kila mmoja akishangaa kicheko cha mwenzake.

Walikubaliana fundi asokomeze waya wa kusugulia sufuria, kisha Sista apake saruji upande wake. Mchana huo wakapiga magoti, kila mtu chumbani kwake, wakaongea kupitia tundu. Sista alimsimulia habari za wodi ya watoto, na jinsi alivyokuwa akiitwa huku na huku mpaka akachoka kulisikia jina lake.

“Siku hizi naweza kumaliza wiki sijaitwa,” alisema. “Na wewe, fundi, unaongea na nani kutwa nzima?”

“Na cherehani.”

“Inakujibu?”

“Ikikosa mafuta, inalalamika.”

Sista alicheka mpaka akakohoa. Fundi akasukuma waya wa mwisho taratibu, bila haraka yoyote. Akasikia mwiko ukikwangua, na sauti ya Sista ikafifia.

“Sista?” aliita.

Kuna neno lilisemwa upande wa pili, lakini hakulishika.

Panya hawakuonekana tena. Siku ya nne fundi alivaa shati safi akaenda kubisha hodi.

“Nimekuja kuuliza, hawajarudi?”

“Hata mmoja. Kwako?”

“Hata kwangu.”

“Basi tumshukuru Mungu.”

“Tumshukuru.”

Sista alishika komeo, akamtazama kana kwamba ana la kuongeza. Fundi naye alisubiri, akitafuta shida nyingine ya kuuliza. Hakuipata.

“Haya, fundi. Kazi njema.”

“Haya, Sista.”

Akarudi kwake, akatunga uzi kwenye sindano.