Zamu ya Viola

Kwa miaka kumi na tisa, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, Hermine Prohaska wa posta alipanda ngazi za Daktari Wessely na viola yake mkononi, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito. Juu walimngoja wanaume watatu, wawili wa fidla na mmoja wa selo, fidla kubwa ya kupigwa mtu amekaa. Walipiga kwateti sita maarufu, tungo za ala nne, moja kila wiki, na zikiisha wanaanza upya. Nyimbo tamu, zile ambazo hata waoka mikate wa Vienna huziimba kwa mluzi, zilikuwa za fidla ya Daktari. Viola hujaza katikati, kama viazi chini ya nyama, na viazi havisifiwi na mtu.

Kwateti moja tu ilikuwa na haki. Katika sehemu yake ya polepole, wimbo unapita kwa kila mmoja kwa zamu, hata viola. Sehemu hiyo Daktari aliiruka tangu vita vilipokwisha. Ulikuwa wimbo wa taifa enzi za kaizari, kisha Wajerumani wakaufanya wao na kuingia nao mjini walipoiteka nchi. Sasa nani aupige, majirani wasikie?

Alhamisi hiyo Hermine alikuwa na barua mkobani. Dada yake wa mji wa Linz aliandika: "Chumba chako kinakungoja mpaka Jumapili. Usipokuja, nampa mpangaji." Hermine alikitaka chumba kile kwa moyo wote. Ila wapiga viola ni adimu, na hawa ndio waliomletea supu mwezi mzima alipofiwa na mumewe. Mara tatu alitaka kuaga. Mara tatu Daktari akainua upinde wa fidla, na kwa desturi yao upinde ukiinuka, kinywa kinafungwa. Kamba ya hariri nayo ni kamba.

"Leo tusiiruke ile sehemu ya polepole," Hermine alisema kabla upinde haujainuka.

"Bi Hermine! Na majirani?"

"Waache wasikie. Nataka zamu yangu, mara moja tu."

Poldi wa selo akacheka. "Mzoea punda hapandi farasi, mama."

"Nawe Poldi umepanda nini maishani zaidi ya kiti hicho?"

Wakapiga. Aliazimia kuwa wimbo ukiisha tu, ataaga. Zamu yake ilipofika, viola ikaimba kwa sauti nzito ya mtu aliyenyamaza muda mrefu. Hakuna jirani aliyegonga ukuta. Poldi alikuwa akilia waziwazi.

Hermine akavuta pumzi. "Ndugu zangu, nina neno..."

"Usiseme, mama," Daktari alimshika mkono, macho yamelowa. "Tumekudhulumu miaka yote hii. Kuanzia leo tutaupiga kila Alhamisi. Kwa ajili yako."

"Kila Alhamisi!" Poldi akaitikia, tayari anamimina mvinyo.

Akawatazama mmoja mmoja, wote watatu wakitabasamu kama watoto waliotoa zawadi. Akaisukuma barua ndani zaidi ya mkoba.

"Asanteni," akasema.

Nyumbani alimwandikia dada yake mistari miwili: "Mpe mpangaji chumba. Wamenipa wimbo."