Kichwa cha Kenge Kilichonikosesha Saumu

Nikiwasimulia haya mtacheka, na chekeni tu, aibu nilishaipata siku ile pale uani Pongwe mbele ya kadamnasi, lakini hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Mimi nafundisha baiolojia, na kidato cha tatu walikuwa wamenichosha kwa kukariri kwamba watambaazi hugawanywa kwa matundu ya fuvu nyuma ya jicho, kobe hana, kenge anayo mawili kila upande, wakati fuvu lenyewe hawajaliona hata moja. Basi nikaokota kenge aliyegongwa na gari barabara ya Muheza, nikakata kichwa, nikakibandika kwenye sufuria yangu (yangu, nasisitiza, tena kwenye jiko langu) ili nyama iachane na mfupa, nikaenda zangu kuswali adhuhuri.

Sasa jirani yangu wa uani ni mama yake Saumu, binti niliyemposa, na siku hiyohiyo shangazi yake Saumu kaja kutoka Mwera kunitazama, maana neno la mwisho lilikuwa lake. Narudi namkuta kachuchumaa jikoni kwangu. Kaonja, kaona haina chumvi, kanihurumia mimi mseja, akatia chumvi, ndimu na pilipili, akaonja tena. Nani kamtuma?

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa bashasha, akawageukia akina mama waliojaa uani akawaambia mtoto wao kapata mume, mwanamume ajuaye kupika supu ya mkunga.

Hapo ningenyamaza, leo ningekuwa baba wa watu. Ila mkunga, jamani! Mkunga ni samaki, na mimi wiki nzima nagombana na watoto kwa mambo hayohayo. Nikakitoa kichwa kwa upawa, nikakiinua wakione wote.

"Shangazi, huyu si mkunga," nikasema. "Hesabu matundu nyuma ya jicho. Mawili huku, mawili kule. Huyu ni kenge."

Shangazi akatazama matundu, akatazama kijiko mkononi mwake, akakimbilia karoni kutapika huku anamwomba Mungu msamaha, na wale akina mama wakaniita mchawi (mwalimu mzima, mchawi). Kabla ya magharibi barua yangu ya posa ikarudishwa, imefungwa kwenye leso ileile niliyoipelekea.

Mimi kosa langu nini? Nilimwambia aonje?

Kwenye mtihani, kidato cha tatu wote walilipata swali la matundu. Saumu kaolewa Muheza. Fuvu liko maabara, bado linanuka ndimu. Nami nimeapa, atakayeonja tena sufuria yangu akasema ni mkunga, nitamwitikia, "Ndiyo, shangazi, mkunga," na matundu nitayahesabu peke yangu.