Saa Mkobani

Ilikuwa mwaka tisini na saba. Hapana, tisini na nane, maana mvua ya El Nino ilikuwa imeshailaza migomba ya Mzee Ndelilio kule Mwika. Binti wa chuo alikuja shule ya chekechea ya hapo kwa mafunzo ya shahada ya pili, ajifunze kutibu majonzi ya watoto kwa kuwasikiliza. Kila Jumanne alikaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yakikaribia kidevu, akavua saa, akaitia mkobani, akasikiliza. Na mtoto Goodness, ambaye tangu mama yake azikwe hakuwa amemwambia babu yake, huyo Mzee Ndelilio, neno, kwa huyo mgeni alimwagika kama maji ya mfereji. Mzee alisimama dirishani na chupa ya maziwa ya mjukuu wake, wivu ukimtafuna.

“Amesema nini?”

“Shikamoo, babu. Hayo ni yake. Tumefundishwa tusiyatoe.”

“Mimi nimemlea! Wewe umemkuta juzi!”

Siku ya kuondoka, binti alikuwa ameshavaa saa. Alipomwona mzee mlangoni akaivua tena, akamsogezea kiti. Mzee hakukaa. Aliuliza:

“Ukirudi chuoni, huyu mtoto ataongea na nani?”